Raisi akibadilika, deni la vita linakufa?



Tulipokuwa tunaandika familia zilizorudi kutoka Kyangwali, mama mmoja alitusimamisha: « Watoto wangu, ile makuta Uganda iko nayo deni kwa Congo, raisi wao akitoka njo imekufa? » Tulicheka, kisha tukaona hatuna jibu tayari. Leo tunamjibu.

Deni la vita si la raisi, ni la Leta. Kesi ya Congo iliingia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, Juni 1999, wakati wa Laurent-Désiré Kabila. Hukumu ilitoka Desemba 2005, mwana wake Joseph akiwa kwenye kiti. Hesabu ya fidia ikatoka Februari 2022, wakati wa Félix Tshisekedi: dola milioni 325, zilipwe kwa miaka 5, milioni 65 kila mwaka. Maraisi watatu, dosie moja.

Hiyo ni sisi tunaodai. Uganda raisi ni yule yule tangu 1986, basi tuangalie Ujerumani. Fidia ya vita ya 1914 iliwekwa na mkataba wa 1919. Hitler alikataa kulipa, nchi ikagawanyika mbili, ikaungana tena. Malipo ya mwisho ya mikopo iliyotokana na fidia hiyo yalifanyika Oktoba 2010. Kwa hiyo mama, halifi.

Lakini linaweza kusamehewa, na hapo ndipo sisi tunaogopa. Septemba 1972 serikali ya China, ambayo siyo iliyotawala wakati wa vita na Japani, ilisaini kwamba haidai tena fidia. Wachina waliofanyishwa kazi ya nguvu walipokwenda kushitaki Japani, mwaka 2007 mahakama kuu ya huko iliwajibu: madai yenu yaliachwa na serikali yenu. Wao hakuna aliyewauliza.

Kwetu, katika zile milioni 325, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, walioumizwa, waliokimbia. Mahakama haikuandika jina la mtu hata mmoja. Feza zinapita Kinshasa, na mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, makao yake yako Kisangani. Kutoka hapa Ituri ni mbali, tunajua.

Ndiyo sababu tunawasumbua na karatasi. Karatasi ya kambini, hata kama imepasuka. Jina la kijiji na la shefu wa wakati ule. Majirani wawili walioona. Mtu akikuomba dola ili jina lako liingie, usitoe, kuja utuambie.

Wafadhili, hatuombi mtulipie fidia. Hiyo iko na mwenyewe. Tunaomba mashini ya kufotokopi na mafuta ya pikipiki. Wazee walioona wanazidi kupungua, na kwenye orodha yetu bado kuna vijiji ambavyo hatujafika hata mara moja.