Kurudi kwa Miguu Wakati wa Baridi

Mazungumzo na jamaa zilizohama na viongozi wao, Likasi, Haut-Katanga



Wengi wanatuuliza kama wakati wa kurudi upande wa Mitwaba umefika. Habari za usalama tutazipata kwa wale tutakaowatuma kwanza wakaone. Leo tuseme juu ya njia yenyewe, maana njia nayo inaua.

Haraka ya mkulima tunaijua. Mvua huanza karibu mwezi wa kumi, na shamba lazima litayarishwe mbele yake. Ndiyo sababu watu wanataka kutembea mwezi wa sita na wa saba, mito ikiwa imepungua. Lakini hiyo ndiyo miezi ya baridi. Kwenye nyanda za juu za Kibara na Kundelungu nchi inapita mita 1,600. Mchana jua linachoma. Usiku baridi inaweza kukaribia sifuri. Na kule juu hakuna vibao. Moto wa nyasi ukipita, alama zinapotea, na vijia vya wawindaji, wachimbaji na wachoma makala vinafanana na njia ya kweli.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matano.

Kwanza, tusiende bila mtu anayeijua njia. Kama ni wa kabila lingine, au wa jamaa tuliyogombana nayo, tumwombe vilevile. Kuuliza si ujinga.

Pili, tuheshimu alama. Penye njia panda, aliyetangulia hulaza tawi kufunga njia isiyofaa. Hajui nani anamfuata, wala hamuulizi kabila. Anayeliondoa tawi anampoteza mtoto wa mwenzake. Ukitangulia, nawe weka.

Tatu, tuangalie saa. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Saa tisa tusimame, tutafute pa kulala. Tusilale bondeni karibu na mto, kwa sababu hewa ya baridi huteremka na kutulia pale. Tulale mtelemkoni, penye kinga ya upepo, juu ya nyasi kavu nyingi.

Nne, tulinde mwili. Nguo moja kavu iwekwe kwa ajili ya usiku tu. Mtoto alale katikati ya wakubwa. Mtu anayetetemeka apewe uji wa moto wenye sukari. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, ni hatari kubwa: avuliwe nguo zenye maji, afunikwe, akumbatiwe, na atafutiwe msaada wa kiganga upesi. Lutuku haileti joto, inalipoteza. Na tusifunge makala yanayowaka ndani ya kibanda, maana hewa yake inaua watu usingizini.

Tano, tuandikane. Kiongozi wa huku abaki na majina ya wote, wa kule ayapokee na kuyahesabu. Tusiguse chuma tusichokijua njiani.

Wazee, wagonjwa na wamama wenye watoto wachanga wasilazimishwe kufuata miguu ya vijana. Wangojee mpaka nyumba ziezekwe na gari lipatikane. Anayebaki Likasi hajakataa kwao.

Na tukifika, huenda tukakuta mtu mwingine analima shamba letu. Pengine naye alikimbia kutoka kwingine. Tusianze na panga wala matusi; twende kwanza kwa shefu, wote wawili, na mashahidi. Mtu aliyelala baridi siku tatu ana hasira karibu. Basi tupumzike, tule, ndipo tuseme.

Kabla ya kuachana, kila kikundi kijibu: Nani anaijua njia? Nani hawezi kutembea? Nani atapokea majina kule? Jamaa isiyo na majibu matatu isifunge mizigo bado.

Amani iwe kwenu na kwa wale mtakaowakuta.