HOMA ISIYOSIKIA DAWA YA MALARIA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Kivaa, Machakos



Nimeombwa niseme machache juu ya ugonjwa wa kala-azar. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya gengi, kukagua njia ya reli na kubadilisha mataruma. Lakini kwetu ni Kivaa, na huko Ukambani ugonjwa huu ni mgeni wa zamani.

Nianze na mwenzetu mmoja. Alirudi kutoka likizo nyumbani akiwa mzima kabisa. Baada ya miezi mitatu akashikwa na homa. Zahanati ya mjini ikampa dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Homa haikusikia. Akakonda, nguvu zikamwisha, tumbo likavimba upande wa kushoto. Hakuna aliyemwuliza, "Kwenu ni wapi?" Naye hakusema. Tena alijikokota kazini kwa kuogopa kupoteza mshahara. Mwisho alikutana na daktari aliyemwuliza swali hilo, na kwa swali hilo akapona.

Basi ugonjwa wenyewe ni nini? Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa ndani ya wengu, ini na uboho wa mifupa. Huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiye na kelele, aumaye hasa jioni na usiku. Akimwuma mgonjwa, halafu akamwuma mzima, ndivyo unavyosafiri. Dalili huweza kukawia miezi mingi. Wagonjwa wasipotibiwa, katika kila 100 hufa zaidi ya 95.

Elimu hii haikushuka kutoka mbinguni, watu waliitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 askari wa King's African Rifles waliugua huko kaskazini, karibu na Ziwa Turkana. Kisha kuanzia mwaka 1952 ugonjwa ukalipuka Kitui. Daktari R. B. Heisch alikwenda kuuchunguza. Mwaka 1962 B. A. Southgate na B. V. Oriedo waliandika habari za Kitui, wakaonyesha kwamba ugonjwa unahusiana na vichuguu vilivyo karibu na nyumba za watu. Usubi hujificha mchana ndani ya matundu ya kichuguu, penye ubaridi na unyevu, hutoka jua likitua. Baadaye watafiti walifika hata kwetu, upande wa Masinga. Sisi tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi, kichuguu kilikuwa kiti chetu cha jioni. Tulikuwa tumeketi juu ya nyumba ya adui.

Tiba nayo imebadilika. Zamani mgonjwa alichomwa sindano kila siku kwa siku 30. Madaktari wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda wakajaribu kwa pamoja kuchanganya dawa mbili, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko huo kwa nchi zetu: sindano mbili kila siku, kwa siku 17. Mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya utafiti mwingine wa nchi hizo hizo: sindano moja kila siku pamoja na dawa ya kumeza, siku 14, na wagonjwa walipona sawasawa na wale wa siku 17.

Kupima pia si kazi kubwa. Tone la damu ya kidole huwekwa kwenye kijikaratasi, na jibu hutoka katika muda mfupi, bila kungoja kesho. Ila fahamuni kwamba katika Afrika ya Mashariki kipimo hicho humkosa mgonjwa mara kwa mara. Kikisema hapana na homa ikaendelea, msirudi nyumbani kulala. Ombeni kipimo kingine.

Sasa nafika kwenye neno la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Jumla siku 14. Tiba ni siku 17. Hata hiyo ya siku 14 itamla mtu nusu mshahara wa juma zima, na hapo hatujahesabu siku alizokwisha kupoteza kabla ugonjwa haujajulikana. Ndiyo sababu mtu huficha homa yake, na anapoificha, usubi humwuma na kuwapelekea wenzake wa kambini. Lakini sheria inasema "si chini ya" siku hizo. Haikatazi kuzidisha. Basi naomba kamati, tutakapoketi na waajiri juu ya mapatano mapya, mgonjwa wa kala-azar apewe siku zote za tiba yake kwa mshahara kamili.

Na ninyi ndugu zangu, naomba mambo matatu. Moja, homa ikipita majuma mawili na dawa ya malaria haikusaidia, mwambieni daktari kwenu ni wapi na mlilala wapi miezi iliyopita. Mbili, mkienda nyumbani laleni ndani ya chandarua chenye dawa, na watoto wasikae kichuguuni jioni. Tatu, mwenzenu akikonda kambini, msimcheke wala msiseme amerogwa, mpelekeni hospitali.

Mwezi wa Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Bangladesh imeushinda ugonjwa huu, usiwe tena tishio kwa afya ya umma. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani. Wao walikuwa na usubi kama sisi. Katika gengi letu, ufa wa reli ukionekana mapema hutengenezwa kabla treni haijapita. Tusingoje treni ianguke.