Jiko la mkaa halilaliwi nalo

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumzia moto wa namna mbili: ule wa jikoni na ule ulio ndani ya miili yetu.

Kila seli ya mwili huhitaji nguvu ili ifanye kazi. Ugali tunaokula husagwa tumboni hadi ukawa sukari iitwayo glukosi, nayo damu huipeleka kwenye seli. Humo, kwa msaada wa oksijeni tunayovuta, sukari huvunjwa yote, ikabaki maji na kaboni dayoksaidi, na nguvu nyingi hupatikana.

Oksijeni ikipungua, seli huivunja sukari nusunusu. Ndivyo ifanyavyo misuli ya mvuta mkokoteni apandapo mlima na mzigo. Ndivyo ifanyavyo hata hamira iumuapo maandazi. Lakini njia hiyo ni ya hasara. Glukosi moja ikivunjwa kwa oksijeni hutoa vipimo 30 hivi vya nguvu. Bila oksijeni hutoa 2 tu.

Misuli huvumilia hasara hiyo kwa muda. Ubongo hauwezi. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ukiikosa kwa dakika chache, huanza kuharibika.

Sasa narudi jikoni. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wengi hudhani kwamba hatari ni moshi, na kwa kuwa mkaa uliokolea hautoi moshi, hulala nao bila wasiwasi. Kumbe hewa hiyo hung'ang'ania hemoglobini ya damu kuishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini seli zake zinakufa njaa. Aliye macho huumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu; aliyelala hapati onyo.

Naijua baridi ya Julai ya Arusha na Nairobi. Najua kwamba kwa wengi chumba kimoja ndicho sebule, jiko na malazi, na dirisha hufungwa kwa hofu ya wezi. Hata hivyo nasema: kabla ya kulala, toeni jiko nje, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Mkimkuta mtu amezimia, mtoeni kwenye hewa safi, kisha mkimbizeni hospitali.

Blanketi la pili ni ghali, lakini si ghali kama sanda. Kwaherini hadi juma lijalo.