Kinachobaki Baada ya Bili
Msikilizaji wetu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, leo tupige hesabu pamoja. Mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 1,800 za akiba ya uzeeni ya NSSF, 825 za bima ya afya ya SHA na 450 za tozo ya nyumba. Jumla ni 3,075, kabla ya kodi ya mapato. Kisha kuna kodi ya nyumba, tokeni za stima, maji na karo. Mfereji ukikauka, mitungi ya mkokoteni nayo yataka pesa. Jioni hii keti na mwenzako, mwandike kila bili daftarini. Kinachobaki ndicho cha chakula, nauli na akiba. Tenga shilingi 50 kila siku. Kwa siku 30 ni 1,500. Haba na haba hujaza kibaba.