Joto Kwanza, Mapambo Baadaye
Mama mjamzito, nawe baba mtarajiwa, kabla ya kwenda dukani, kumbukeni: vya kumpa mtoto joto kwanza.

Kichanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Basi anzeni na khanga za pamba, kofia, soksi, nepi za kitambaa na beseni. Khanga kuukuu iliyofuliwa ni laini kuliko gauni la lesi. Na viatu? Hatembei huyo! Chupa ya maziwa nayo iacheni dukani. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu.

Tunarudia: joto kwanza, mapambo baadaye.

Fueni nguo zote, zianikeni juani, zipigeni pasi. Pakieni mkoba wa kwenda kujifungua mapema, pamoja na kadi ya kliniki. Chandarua chenye dawa? Ulizieni kliniki kabla ya kununua.