MVUA, KAMERA, NA PICHA AMBAYO HAIPO

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, mpiga picha wa Segese, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nilipoombwa nizungumze leo nilisita. Wenzangu waliosimama hapa kabla yangu ni mahakimu, madaktari na wahandisi wa migodi. Mimi ni mpiga picha wa Segese, mnanifahamu kwa pikipiki yangu na begi jeusi begani. Lakini Mwenyekiti alinikumbusha kwamba vijana wengi wanataka kujiajiri kwa kazi hii, na kwamba kila mwenye simu mfukoni siku hizi ni mpiga picha. Basi nitasema jambo moja tu: namna ya kuikinga kamera na mvua tunapofanya kazi nje.

Yafaa niseme mapema kwamba sikuja kuisema vibaya mvua. Katika nchi ya Wasukuma, mtu anayenung'unikia mvua hutazamwa kama mgonjwa. Mpunga wetu, mahindi, pamba na malisho ya ng'ombe vyote vinaingojea mvua ya Novemba hadi Aprili. Mvua haina kosa. Mwenye kosa ni mpiga picha asiyejiandaa, na shahidi wa jambo hilo ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa mapema mwaka 1998, wakati wa ile mvua ya El Niño iliyoharibu barabara na madaraja katika sehemu nyingi za nchi. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliniita nimpige picha pamoja na mkewe, watoto na wajukuu wote. Watoto wengine walikuwa wametoka mbali, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wote kukutana pale nyumbani. Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Mwavuli niliuona umesimama nyuma ya mlango, nikauacha. Nilisema moyoni, nitarudi kabla ya saa nane.

Nilipiga picha mkanda mzima. Njiani kurudi mvua ikanikuta porini, nikaificha kamera ndani ya shati. Shati lililolowa halikingi kitu. Nilipofika nyumbani maji yalikuwa yameingia hadi kwenye mkanda. Hapo nikafanya kosa la pili, lililokuwa kubwa kuliko la kwanza: niliukausha mkanda karibu na jiko la mkaa. Ukagandamana wenyewe kwa wenyewe, na nilipojaribu kuukunjua, picha zikabanduka. Baadaye fundi mmoja mzoefu alinieleza kwamba mkanda uliolowa haukaushwi. Huwekwa vivyo hivyo ndani ya maji safi, gizani, ukapelekwa haraka kusafishwa.

Nilirudi kwa mzee nikaomba radhi. Akacheka, akasema, "Hapana neno, mwanangu, tutapiga nyingine baada ya mavuno." Mavuno hakuyaona. Familia ile haina picha ya baba yao hata moja. Mama yule alipokuwa hai, kila tulipokutana mnadani alinisalimu kwa upole, wala hakunitajia habari ile hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Ndugu zangu, watu husema ajali haina kinga. Kwa kamera na mvua, kinga ipo, na ni rahisi. Nitaitaja kwa mafungu manne.

Kwanza, kabla ya kutoka. Usilitazame jua la asubuhi. Kuanzia Novemba toka na vifaa vya mvua kila siku. Zamani tulivika kamera mfuko wa rambo, tukautoboa tundu la lenzi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mimi naona imetusaidia, kwa sababu ule mfuko ulikuwa ukichanika upesi. Chukua mwavuli uliovunjika mbavu, bandua kitambaa chake, mpelekee fundi cherehani akushonee mkono wa shati mrefu, wenye mpira mbele wa kubana lenzi na mpira nyuma wa kupitishia mikono yako. Beba pia vipande viwili vya khanga kuukuu. Khanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini na hunywa maji vizuri. Na vifaa vya akiba viweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kama kile cha kuwekea chakula.

Pili, mvua inaponyesha. Elekeza lenzi chini wakati hupigi. Acha kofia ya lenzi mahali pake, maana huzuia matone mengi. Usibadilishe lenzi wala kufungua mlango wa betri ukiwa nje. Mweke kijana akushikie mwavuli, na umlipe. Flashi iliyolowa usiiwashe wala usiifungue: ndani yake hukaa umeme wa volti 300 hivi, na huweza kubaki hata baada ya kuizima.

Hapa lazima niseme habari ya radi, maana kamera hununuliwa, mtu hanunuliwi. Kanda yetu ya Ziwa ina radi nyingi. Mnamo Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi huko Geita. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, funga kazi, ingiza watu ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, na mngoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Usisimame uwanjani na mwavuli au stendi ya chuma, wala usimpange bwana harusi chini ya mwembe ati asilowe.

Tatu, kamera ikishalowa. Shikeni neno hili, vijana: mara nyingi si maji yanayoiua kamera, ni umeme kupita mahali penye maji. Kwa hiyo usiiwashe kutazama kama bado ni nzima. Izime, toa betri, toa kadi ya kumbukumbu, kisha pangusa nje kwa khanga kavu. Ukiwa ndani ya nyumba toa lenzi, uweke vyote kivulini penye upepo au mbele ya feni, kwa siku mbili au zaidi. Usiweke juani wala karibu na jiko. Jiko nimekwisha wasimulia. Kadi ikaushwe vizuri kabla ya kuitumia. Mara nyingi kamera hufa na kadi ikapona, na picha zikapona pamoja nayo. Hilo ndilo jambo ambalo mkanda wangu wa mwaka 1998 haukuweza.

Na simu? Alama ya IP68 au IP67 haina maana kwamba simu ni samaki. IP67 maana yake simu mpya ilijaribiwa katika maji safi ya kina cha meta moja kwa dakika 30. Simu iliyokwisha anguka mara kumi, au iliyofunguliwa na fundi, haina tena dhamana hiyo. Usiichaji ikiwa na maji kwenye tundu. Wala usiizike ndani ya mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba chembe za mchele huweza kuiharibu simu. Mchele tunaulima wenyewe hapa kwetu, na kazi yake tunaijua: pilau.

Nne, baada ya mvua. Unyevu unaobaki huotesha kuvu ndani ya lenzi, mfano wa utando wa buibui, nao ukikomaa hula kioo. Usiihifadhi kamera ndani ya begi la ngozi lililofungwa masika nzima. Iweke ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu tunavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto, iache kamera ndani ya begi kama nusu saa ipate joto polepole, la sivyo lenzi itatoa jasho. Jioni ileile nakili picha zako mahali pawili.

Huenda mtauliza, kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya picha za harusi na mahafali? Kule Unguja ipo studio iitwayo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha zake za zamani za watu na mitaa zimeonekana miaka mingi baadaye, ingawa pwani ina joto na unyevu kuliko kwetu. Zimeonekana kwa sababu kuna watu waliozitunza. Leo mtu akitaka kujua Unguja ya zamani ilikuwaje, huzitazama.

Je, akitaka kujua Segese ya leo ilikuwaje, wachimbaji wetu, magulio yetu, wazee wetu, atatazama nini? Atatazama kile ambacho mimi na wewe tutakuwa tumekiokoa na mvua.

Mkutano huu tutapiga picha ya pamoja pale mbele ya bendera. Naona mawingu upande wa magharibi. Msiwe na wasiwasi: mwavuli ninao, uko hapa chini ya kiti. Tangu mwaka ule sijauacha nyuma ya mlango.