Mama Zetu katika Imani: Fundisho kutoka kwa Wamethodisti



Nimeombwa niseme juu ya wanawake na kukua kwa Kanisa. Nimechagua mfano wa ndugu zetu Wamethodisti, ambao undugu wetu nao ni wa kale. Tarehe 24 Mei 1738, jijini London, John Wesley aliguswa moyo aliposikia utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi ukisomwa.

Hata hivyo, kabla ya Luther, Wesley alifundishwa na mama yake. Mwanzoni mwa mwaka 1712, mumewe mchungaji akiwa safarini London, Susanna Wesley alisoma mahubiri na kusali nyumbani na watoto wake. Majirani wakaongezeka hata wakafikia mia mbili. Mumewe alipotaka aache, alimjibu kwa heshima: ampe amri iliyo wazi, ili lawama isiwe juu yake mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo.

Umethodisti ulikua hivyo hivyo, nyumbani, katika vikundi vidogo vya kila juma vilivyoitwa madarasa. Wanawake wengi waliviongoza. Sarah Crosby alipokwenda kuongoza kikundi huko Derby mwaka 1761, alikuta watu wapatao mia mbili. Huko New York, mwaka 1766, Barbara Heck alimhimiza binamu yake Philip Embury ahubiri; miaka miwili baadaye kanisa lilisimama.

Wesley alifariki mwaka 1791. Mwaka 1803, Mkutano Mkuu wa Wamethodisti wa Uingereza uliwabana wanawake wasihubiri. Waliojenga nyumba wakaambiwa wakae mlangoni.

Pwani yetu nayo ina ushuhuda. Misheni ya Ribe, karibu na Mombasa, ilianza mwaka 1862. Rebecca Wakefield, mke wa mmisionari, alifariki hapo mwaka 1873. Jina lake limehifadhiwa kitabuni. Wanawake wenyeji waliopokea Neno na kulipeleka majumbani mwao, wengi hawakuandikwa.

Wapendwa, hapo ndipo penye deni letu. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi hufuata ukoo huo. Itakuwaje basi historia ya imani katika milima hii ihesabiwe kwa akina baba peke yao? KKKT iliridhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990. Mlango huo tusiufunge kwa kusahau.

Naomba kila jumuiya iketi na bibi zake wangali hai. Waulizwe: nani aliwafundisha sala? Nani aliwaombea wagonjwa, akakusanya watoto, akapika siku za ujenzi? Majina hayo yaandikwe, yahifadhiwe pamoja na kitabu cha ubatizo.

Mungu awabariki. Amina.